Uso wa Anayekula Senene

Watu wanaodhani kwamba kuamua picha za vitabu vya watoto ni kazi ya raha hawajawahi kukaa kwenye kamati. Mimi nilikaa, mjini Bukoba, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na mpaka leo mtu akitamka neno "marekebisho" mbele yangu shingo inanikakamaa.

Nilikuwa nafundisha kuchora katika shule moja ya Kahororo. Mkoa wetu, ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi, ulitangaza tuzo kwa walimu wa shule za msingi: mwalimu atunge kitabu cha watoto wadogo kwa Kiswahili, akichore mwenyewe, na kitakachokuwa na picha bora kuliko vyote kitapigwa chapa na kugawiwa mkoa mzima. Vingine vingerudishwa kwa wenyewe, na mwalimu wa kijijini hakuwa na mahali pengine pa kupeleka kitabu. Kwa hiyo ilikuwa ama kishinde, ama kirudi kukaa chini ya kitanda.

Kamati ilikuwa na watu wanne. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, Mhaya mwenzangu, mzee mwenye sauti ya chini aliyevaa koti hata jua likiwaka. Katibu alikuwa afisa utamaduni, kijana wa pwani aliyehamishiwa kwetu mwaka uleule na ambaye bado alikuwa akilalamikia baridi ya ziwa. Wa tatu alikuwa na duka la karatasi na kalamu pale mjini, Mhindi aliyezaliwa Bukoba na aliyeongea Kihaya kizuri kuliko wanafunzi wangu. Waliomteua walisema anajua rangi gani zinakubali kupigwa chapa na zipi zinaharibika. Wa nne ndiye mimi, mwanamke peke yangu. Siku ya kwanza mwenyekiti alinikaribisha kwa heshima zote, kisha akaniomba niangalie mambo ya chai. Niliyaangalia kwa macho tu, na birika likapoa mbele ya macho yetu sote mpaka katibu akainuka kumimina mwenyewe.

Vitabu vilikuja ndani ya magunia ya kahawa. Nilivipitia kimoja baada ya kingine, na nilivyozidi kufunua ndivyo nilivyozidi kuchoka. Karibu vyote vilikuwa na nyumba zilizopangwa mstari mmoja na watu walioinua majembe kwa pamoja, wote wanacheka, mpaka ng'ombe. Waliochora ni watu waliozaliwa katikati ya migomba, ambako nyumba ya jirani huioni mpaka mbwa wake abweke, lakini karibu hakuna aliyethubutu kuchora kibanja chake mwenyewe, nyumba na migomba yake. Mmoja alianza kuchora tembo akaishiwa karatasi, tembo akabaki bila makalio. Mwingine alichora simba anayehudhuria mkutano wa kijiji, amekaa mstari wa mbele, ameinua mkono anaomba kusema. Katibu alimpenda sana yule simba. Alisema ana mwelekeo.

Kisha nikafungua kitabu kilichotoka Kishanda, huko Muleba. Aliyekichora alikuwa mwalimu kijana, mwanamke ambaye sikumjua hata kwa sura. Alitumia rangi za maji, zile za bei nafuu zinazochuja ukizigusa vibaya, lakini alizitumia kwa mkono wa mtu anayetazama vitu. Msichana anaamka alfajiri baada ya mvua. Anapita kwenye migomba, umande unamlowesha miguu, anafika kwenye majani marefu na kuanza kukamata senene. Anajaza kikapu. Anakaa chini anawanyonyoa mabawa na miguu, mabawa yamemganda vidoleni. Anawakaanga. Ukurasa wa mwisho amekaa mlangoni, nyasi mbichi tunazotandika sakafuni kwetu zinaonekana nyuma yake, na ametia senene mmoja mdomoni.

Sasa msomaji asiye wa kwetu lazima aelezwe. Senene ni wadudu wa kijani na kahawia wanaoshuka na mvua za mwisho wa mwaka, na kwetu ni kitoweo cha heshima kuliko nyama. Wanawake na watoto ndio wanaowakamata, wanawake ndio wanaowanyonyoa na kuwakaanga. Kisha wanapelekwa kwa baba na wageni wake. Mwanamke hali. Wakati huo wapo wasichana waliosoma walioanza kula kwa kujificha, lakini mezani, mbele ya watu, hakuna aliyenyoosha mkono. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa hawali. Ukiuliza tena, unaambiwa utazaa mtoto mwenye kichwa cha senene. Mimi sikuwa naogopa kuzaa kitu chochote, lakini nilikuwa nimefika umri wa kuwa na mvi na sikuwahi kuonja, kwa sababu hakuna aliyewahi kunipa.

Mwenyekiti alifunua kitabu kile akitikisa kichwa kwa kuridhika, ukurasa hadi ukurasa. Alipofika wa mwisho alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mkono huu ni mrefu," akasema.

Ni kweli ulikuwa mrefu kidogo. Lakini simba wa mkutanoni alikuwa na mkono kama wa mtu, tena wenye vidole sita, na mwenyekiti hakuwa ameusemea neno. Katibu akaandika: marekebisho, mkono. Mwenye duka, aliyejua mila zetu kama anavyojua rafu zake, aliinama akaanza kuchonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka.

Nilijua mara moja kinachomkera mzee, na nilijua kwamba hatakisema. Miezi michache kabla yake alikuwa amesimama jukwaani akahutubia juu ya usawa wa wanawake na kuacha mila zilizopitwa na wakati, watu wakapiga makofi, na mimi nikiwa mmoja wao. Angewezaje sasa kusema mbele ya afisa wa serikali kwamba mtoto wa kike asichorwe anakula senene?

Na mimi kwa nini sikusema? Kwa sababu nilimjua katibu. Angelisikia jambo lile angelifanya la siasa siku hiyohiyo. Binti wa watu angeitwa jukwaani, picha yake ingewekewa maneno makubwa juu yake, wazazi wake huko Kishanda wangeulizwa maswali, na kitabu chake kingegeuka bango. Zaidi ya hapo, nataka niwe mkweli, nilitaka mzee alitoe neno lile kwa kinywa chake. Kwa hiyo tukazunguka mbuyu sote wawili, na mzunguko wenyewe ulichukua miezi.

Barua ikaenda Kishanda. Binti akarekebisha mkono, akapanda basi kutoka Muleba na picha ameifunga kwenye kitenge na nailoni, akaileta mwenyewe maana hakuiamini posta. Akaketi kwenye benchi la kibarazani kusubiri. Mkono sasa ulikuwa mkono hasa, umepinda vizuri kwenye kiwiko, unapeleka senene mdomoni bila wasiwasi wowote.

Mwenyekiti akaitazama. "Kivuli hiki usoni," akasema, "kinamfanya aonekane mchafu."

Marekebisho, kivuli. Binti akarudi Kishanda, akaondoa kivuli, akarudi Bukoba. Na kivuli kilipoondoka, mdomo ambao mwanzoni ulikuwa gizani ukawa peupe, kila mtu anauona.

"Lakini haieleweki anakula nini," akasema mwenyekiti safari hiyo, na nilimwona amepata matumaini. "Msomaji wa mbali hatajua. Pengine zingekuwa karanga ingeeleweka zaidi."

"Ndugu Mwenyekiti ana hoja," akasema katibu, "mimi mwenyewe nilidhani ni dagaa." Akaandika: marekebisho, chakula kieleweke.

Nilitoka kibarazani kumweleza. Alikuwa mwembamba, mwenye macho yanayokutazama kwanza sikio, kisha shavu, kisha mkono, kama anakupima. Nilimwambia wanataka chakula kieleweke. Sikumwambia habari za karanga. Hiyo siyo kazi yangu.

"Nitawachora senene wakubwa zaidi," akasema.

Nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua tangu mwanzo. "Mwanangu, ilikuwaje ukachora anakula?"

Akanishangaa. "Si yeye ndiye aliyewakamata, Mwalimu? Sikuona mwingine wa kumpa."

Picha iliyofuata ilikuwa na senene wakubwa, wa kijani na wa kahawia, wamemwagwa juu ya jani la mgomba mpaka unaona mafuta yanavyong'aa, na pembeni lundo la mabawa. Hakuna mtu duniani ambaye angesema ni dagaa. Mwenye duka alikohoa kwa muda mrefu, akaomba radhi kwamba ni vumbi. Mwenyekiti alisema mlango umekaa upande. Mlango ukanyooshwa. Akasema nyasi za sakafuni hazionekani kuwa mbichi. Zikawa mbichi. Kila alipotafuta pa kumzibia, yule binti alimfungulia, na picha ikazidi kuwa nzuri, na msichana akazidi kula. Ingekuwa ni mchezo ningecheka. Lakini kila marekebisho yalikuwa siku mbili za basi na vumbi kwa mtu ambaye ana darasa la watoto linalomsubiri, na mimi nilikuwa nakaa pale natazama watu wazima wanajadili kiwiko, huku nasaga meno.

Mvua zikaanza. Katibu akatangaza kwamba mkoa umechoka kungoja. Kikao kilichofuata kingekuwa cha mwisho kwa kasoro mpya: picha ya Kishanda ikionekana ina kasoro, kasoro hiyo irekebishwe kesho yake, ikishindikana kitabu kitaondolewa na tuzo itakwenda kwa simba.

Nikawaza shule zote za mkoa, watoto wote wa kutoka Ijumbi mpaka mpakani, wakifunuliwa yule simba na vidole vyake sita. Nikaingia kikaoni nimejiandaa kwa ugomvi.

Mwenyekiti alikuja na bakuli. Senene walikuwa wameanguka juzi yake, na mke wake alikuwa amewakaanga asubuhi ile kwa ajili ya wanakamati. Aliliweka katikati ya meza, harufu ikajaa chumba. Yeye akala. Katibu, ambaye juzi walipoanguka aliwaogopa, sasa alichota kiganja kizima. Mwenye duka akainua mkono kwa adabu, kwao hawali. Bakuli likaniruka mimi likarudi kwa mwenyekiti, na nina hakika kabisa kwamba hakuna hata mmoja aliyeona kwamba limeniruka.

Binti alikuwa kibarazani kama kawaida. Picha ilikuwa mezani.

Mwenyekiti aliitazama muda mrefu, mkono wake ukienda kwenye bakuli na kurudi mdomoni bila mwenyewe kujua. Alipima kiwiko. Alipima mlango. Akasogeza uso karibu na uso wa msichana, akaacha kutafuna.

"Hii siyo," akasema.

"Siyo nini sasa?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Sikiliza, Mwalimu. Hii siyo kweli." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Hakuwa tena anatafuta pa kujificha; alikuwa mwalimu aliyeona kosa. "Huyu mtoto anatabasamu. Anayekula senene hatabasamu. Huyu ni kama anamumunya pipi. Senene ukimtia mdomoni unafunga mdomo kwanza, unatulia. Unasikiliza."

"Unasikiliza?" akauliza katibu.

"Analia kwenye meno. Unamsikia kwanza, ndipo ladha inakuja, chumvi na mafuta pamoja, na macho yanakuwa hayatazami kitu." Akaigonga picha kwa kidole. "Aliyechora hajawahi kula."

Nilitazama picha ile, niliyoipigania moyoni kwa miezi. Sikuwa nimeliona kosa. Nisingeweza kuliona.

Katibu aliacha kutafuna. "Hajawahi kula kwa nini? Kwao huko hawaanguki?"

Penseli ya mwenye duka ilisimama. Mwenyekiti alitazama bakuli, akanitazama mimi, na nadhani ile ndiyo mara ya kwanza kwenye kamati kunitazama bila kufikiria chai.

"Wanawake hawali," akasema.

"Hawali kwa nini?"

"Hawali tu."

Nikangoja. Nilikuwa nimengoja neno lile miezi yote, na sasa nilitazamia mafuriko: hotuba, jukwaa, bango. Lakini nilikuwa nimemkosea yule katibu, au labda nilimpa sifa asizostahili. Alikuwa amechoka, ana njaa, na anataka kufunga jalada. Alifungua kalamu akaandika, akisema kila neno analoliandika: "Marekebisho, uso." Kisha akasema, "Basi, ni rahisi. Aitwe ale, ndipo achore."

Mwenyekiti angesema nini? Kosa alilitaja mwenyewe, na kwa mara ya kwanza lilikuwa kosa la kweli.

Binti akaitwa. Aliingia, akapiga magoti kumwamkia mzee kama alivyolelewa, akainuka. Mwenyekiti akamweleza habari ya uso, kwa upole, kama anavyomweleza mwanafunzi mzuri. Halafu akalisukuma bakuli mbele yake. Lilikwenda kidogo likasimama, akalisukuma tena.

"Chukua, mwanangu."

Alichukua mmoja. Akamtazama kwanza huku na huku, kama atakayemchora. Akamtia mdomoni, akafunga mdomo, akatulia. Tukasikia sote. Akatafuna, akameza. Sisi wanne tulikuwa tumemkodolea macho, na mzee alikuwa ameinama mbele, mwenye shauku ya mtu anayemwonjesha mgeni kitu cha nyumbani kwake.

"Kumbe ndio hawa tu?" akasema binti.

"Hawa tu kivipi?" Mwenyekiti aliumia waziwazi.

"Samahani, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima. " Ni wazuri. Nilidhani tu ni kitu kikubwa zaidi."

Mwenye duka aligeukia dirisha, mabega yakimtikisika. Katibu akasema mambo ya ladha hayamo kwenye masharti ya tuzo.

Mimi nikavuta bakuli. Sikuomba, na hakuna aliyenizuia. Nilichukua watatu kwa pamoja, nikawatia mdomoni, na kwa kweli nilikuwa naomba Mungu yule binti awe amesema kweli. Nilitaka wawe si kitu, kama majani makavu, kama maganda, ili niondoke pale nikicheka.

Walikuwa watamu. Walikuwa watamu kuliko kitu chochote nilichowahi kula, na nilipowasikia wakilia kwenye meno nikamkumbuka mama yangu, amekaa sakafuni na kikapu, vidole vimekuwa vyeusi kwa kunyonyoa, msimu hadi msimu, halafu ananawa mikono na kwenda kupika ndizi zake. Hasira iliyonipanda haikuwa ya mezani pale. Nilitafuna, nikachukua wengine, nikatafuna. Nilipoinua macho nilimkuta binti ananitazama, kwanza shavu, kisha paji la uso, kisha mdomo.

Alilala kwangu Kahororo, na asubuhi nilipokwenda kufundisha nilimwachia meza ya dirishani. Alasiri alipeleka picha mwenyewe kikaoni, akarudi kwenye benchi lake la kibarazani. Tabasamu lilikuwa limeondoka. Msichana amefunga mdomo, macho hayatazami kitu, na katikati ya nyusi kuna mkunjo mmoja tu, uliochorwa kwa ncha ya brashi. Ukimtazama unajua anachokula ni kitamu, na unajua pia kwamba si vizuri kumsogelea.

Mwenyekiti aliishika picha ile kwa mikono miwili. Aliisogeza kwenye mwanga, akairudisha. Tulikuwa tunasikia mvua kwenye mabati.

"Huyu amekula," akasema, na akatia sahihi.

Katibu akatia sahihi, mwenye duka akatia sahihi, karatasi ikanifikia mimi. Kitabu cha Kishanda kilikuwa kimeshinda. Wakapeana mikono juu ya meza, wakaisifu picha, wakaulizana binti ameupata wapi uso ule, ni nani alikuwa mfano wake, pengine ni mdogo wake wa huko Muleba. Niliweka sahihi yangu, nikawatazama mmoja mmoja. Nilikuwa nimekaa nao kwenye meza ile miezi yote, uso wangu ukiwa mbele yao, na hakuna hata mmoja aliyeutambua.